Mheshimiwa Akisikia Makofi

Hakugeuka! Jamani, hakugeuka! Uwanja unapasuka kwa makofi, mbwa wa watu wanazungusha shingo kama feni, na yeye katulia tuli, macho yote kwa Redio, kama vile dunia nzima imebaki na mtu mmoja!

Haya, pumzi kwanza. Habari tamu ikimwagwa kwa pupa huishia chini, na hii hatutaki ipotee hata tone. Tuanze na Redio mwenyewe.

Redio ni jina la utani, na aliyempa hakukosea. Binti huyu akifungua macho asubuhi anaanza na taarifa ya habari, akipiga mswaki anaingia kwenye michezo, na mpaka anafika kazini keshamaliza salamu na matangazo ya biashara. Kazi yenyewe ni ualimu wa chekechea. Ameusomea chuoni, ana cheti, na mama yake amekitundika sebuleni juu kabisa, mahali ambapo kila mgeni lazima ainue shingo. Darasani kwake watoto wanaolia, wanaong'atana na wanaotafuna chaki hutulia kama maji mtungini. Ndiyo maana lilimuuma sana hili jambo. Darasa zima analiweza, halafu mbwa mmoja anamshinda!

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mjomba wake, kitinda mimba wa kwao mama, kinyozi mwenye duka lake kwenye kona. Mjomba hakuwahi kufuga hata kuku. Ila mteja wake wa siku nyingi alihamia mbali, akamwachia mtoto wa mbwa wa ukoo unaojulikana, mwenye manyoya marefu ya rangi ya asali yanayoteleza kama hariri. Mjomba alipitisha kichana mara moja tu, akapendwa na kupenda.

"Hizi ndizo nywele!" akawaambia wateja. "Nyie mnaniletea katani."

Mbwa akakulia dukani, katikati ya viti, vioo, poda na vumbi la nywele. Alikuwa na tabia ya kuingia polepole asubuhi, kichwa juu, akiangalia kushoto na kulia kama anakagua gwaride. Siku moja Kipara akamwinukia kwenye benchi na kumwambia, "Karibu, Mheshimiwa." Kipara hana unywele hata wa dawa, lakini kila siku ya Mungu yuko kwa kinyozi, anasema anafuata gazeti. Basi jina likaganda hapo.

Redio ndiye aliyemlea. Mjomba alimpa mswaki na kichana, Redio akampa mengine yote: adabu, mwendo, kusimama. Jioni akitoka shuleni alikuwa anampitia, wanazunguka uwanja wa mpira mpaka jua linaaga. Kwenye maonyesho ya mbwa kazi ni hiyo. Unaingia uwanjani na wenzako, mnatembeza mbwa duara, kisha mbwa anasimama kama picha, macho kwa mwenye kamba, huku jaji anampapasa mgongo na kumwangalia meno. Uzuri peke yake hautoshi. Mbwa mzuri asiyetulia ni kama bibi harusi anayepiga chafya kwenye kila picha.

Sasa Mheshimiwa alikuwa anatulia. Mtaani anatulia, nyumbani anatulia, uwanja wa mpira anatulia. Wakaenda maonyesho ya kwanza, Redio kajipigia pasi gauni. Mbwa akasimama, ukadhani kachongwa. Jaji akakaribia. Ghafla Mheshimiwa akajikung'uta kuanzia pua mpaka mkia, akaondoka zake taratibu na kamba nyuma, akaenda kwenye kamba ya watazamaji, akamwekea mama mmoja kidevu mapajani. Akatoka kwa huyo akaenda kwa wa pili. Akatoka kwa wa pili akaenda kwa wa tatu. Redio anavuta, mbwa anasalimia.

"Nawe Kipara ulimpa jina baya," Mjomba alilalamika waliporudi dukani. "Kaona umati, kaenda kuomba kura!"

Kipara alicheka mpaka gazeti likaanguka.

Maonyesho ya pili, yale yale. Kasimama vizuri, kajikung'uta, kaenda kwa wananchi. Na safari hii alikuwepo Glavu.

Glavu ni mtu wa kazi hiyo. Watu wanamlipa awaongozee mbwa wao uwanjani, na huvaa glavu nyeupe pe kama daktari wa meno. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuuma, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua. Alimsogelea Mjomba kwa heshima zote, akamtazama Mheshimiwa juu mpaka chini.

"Mkubwa, mbwa huyu ni bingwa," akasema. "Kinachokosekana ni mkono tu."

"Mkono upi?" Redio akadakia.

"Wa kushika kamba, dada. Usinielewe vibaya. Nipeni mimi nikae naye kwangu, nimlaze, nimlishe, nimwamshe. Msimu ujao mtamwona gazetini."

Mjomba akasogea naye pembeni kidogo, kisha safari ya kurudi ikaanza. Walipofika dukani akafungua mlango, akawasha taa, akamkalisha Redio kwenye kiti cha kunyolea kana kwamba anataka kumnyoa, akamsemesha kupitia kwenye kioo.

"Mpwa wangu, nakupenda. Lakini huyu mbwa kila nikimchana naona kitu ambacho watu wengine wanapaswa wakione. Maonyesho ya mwisho wa mwaka ndiyo hayo yanakuja. Ingia naye. Akitoka tena kwenye mstari, kamba unamkabidhi Glavu pale pale uwanjani, na mbwa anaondoka naye. Nimeshampa neno langu."

"Umempa neno? Bila kuniuliza?"

"Nikikuuliza utaongea mpaka nighairi. Nakujua."

Redio akageuza shingo kwenye kiti. Alimtazama Mheshimiwa, naye Mheshimiwa kalala juu ya viatu vyake kama kawaida, anakoroma. Mbwa huyu yeye ndiye aliyemnyonyesha kwa chupa. Redio akiumwa, mbwa alilala mlangoni kwake. Sasa awekwe garini, apelekwe kwa mtu mwenye glavu!

Basi vita ikaanza. Redio alitoa kila alichofundishwa chuoni na kila alichofundishwa na watoto. Kama tatizo ni kuzubaishwa, akasema, tutamzoesha kila kinachozubaisha. Alimsimamisha Mheshimiwa katikati ya duka, akaweka soseji sakafuni mbele ya pua yake. Mbwa macho juu. Akaomba paka wa jirani, akamtia kapuni, akampitisha. Mbwa macho juu. Akamwambia Kipara adundishe mpira.

"Mimi na umri huu?"

"Dundisha, Kipara!"

Kipara akadundisha, mpira ukagonga chupa ya spiriti, Mjomba akapiga kelele, chupa ikavunjika, mteja akaruka na kitambaa shingoni. Mbwa macho juu.

"Huyu mbwa mzima kabisa," Kipara akasema, anahema. "Labda ni ninyi."

Na hapo ndipo penyewe. Kuna jambo bado halijasemwa hapa, na halijasemwa kwa sababu hata wao wenyewe walikuwa hawalioni, kama mtu asivyoiona pua yake. Duka la Mjomba lina desturi yake ambayo huikuti kwa kinyozi mwingine. Kichwa kikimalizika, Mjomba anafuta shingo kwa brashi, anapaka poda, anakikung'uta kile kitambaa mara moja kwa mlio, na mteja anapoinuka, benchi zima linampigia makofi. Kila kichwa, hata cha mtoto aliyelia mwanzo mpaka mwisho. Aliianzisha Mjomba siku anafungua duka, kwa furaha ya kupata mteja wa kwanza, ikabaki. Watu wanavuka vinyozi wawili watatu waje kwake kwa ajili hiyo. Nani asiyependa kupigiwa makofi kwa kukaa tu?

Jumamosi moja duka limejaa, Redio kamweka Mheshimiwa asimame karibu na sinki, soseji iko chini, mbwa kaganda. Redio anaongea na Kipara habari za mwanafunzi wake aliyemeza kifungo, huku anamchungulia mbwa kwenye kioo. Mjomba akakung'uta kitambaa. Mteja akainuka. Benchi likapiga makofi.

Na kwenye kioo Redio akamwona Mheshimiwa anajikung'uta kuanzia pua mpaka mkia, anaivuka soseji kama haipo, anaanza na mtu wa kwanza kwenye benchi. Kidevu mapajani. Akakunwa sikio. Akaenda kwa wa pili.

Halafu Redio akaona kitu kingine kwenye kioo kile kile. Mikono yake mwenyewe, ya mwalimu mwenye cheti, inapiga makofi.

"Uuuwi!"

Duka zima likashtuka. Mjomba nusura aangushe mashine.

"Nini? Nyoka?"

"Makofi! Mjomba, ni makofi! Hajawahi kuzubaa huyu! Sisi ndio tumemfundisha! Tangu mtoto, makofi yakilia maana yake kazi imekwisha, inuka, nenda ukabembelezwe! Kule uwanjani wanampigia makofi mbwa wa pembeni, yeye anajua kichwa kimemalizika!"

Mjomba akatazama mashine yake, akatazama benchi, akamtazama Mheshimiwa ambaye alikuwa amefika kwa mtu wa mwisho na anapewa kipande cha biskuti.

"Yaani," akasema polepole, "mbwa ana akili kuliko sisi."

"Hilo mimi nililijua zamani," Kipara akasema.

Mjomba akapiga marufuku makofi siku hiyo hiyo. Marufuku haikufika jioni. Mteja wa kwanza aliinuka, akasubiri. Kimya. Akajishika kisogo.

"Vipi? Mmenikata vibaya?"

"Hapana, umependeza."

"Mbona hampigi?" Akarudi kwenye kioo, akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Niambieni ukweli. Nina mkutano na wakwe."

Wa pili alikataa kabisa kuondoka mpaka anyolewe upya. Wa tatu alikuwa mtoto, akaangua kilio. Mjomba akaweka mashine chini.

"Mpwa wangu, makofi ndiyo duka langu. Ukiniondolea makofi nabaki na mkasi tu, na mikasi kila mtu anayo."

Redio alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dirisha anauma kucha. Akakumbuka darasani kwake. Mtoto aliyezoea kengele ya kwenda nyumbani humwambii kengele isipigwe. Unampa kazi ya kufanya kengele ikilia, basi.

"Usiyaondoe," akasema. "Tuyageuze."

"Tuyageuze vipi?"

"Makofi yasiwe mwisho wa kazi. Yawe ndiyo mwanzo."

Hapo sasa duka likageuka chuo, na wateja wakawa wakufunzi bila mshahara. Redio alichemsha maini, akayakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavitia mfuko wa aproni. Kitambaa kikikung'utwa, kabla mbwa hajapata wazo la kujikung'uta, kipande kinakuwa tayari kimeinuliwa mpaka kwenye macho ya Redio. Pa-pa-pa-pa, maini. Pa-pa-pa-pa, maini. Na kubembelezwa hakukufutwa, ila kulipata neno lake. Redio akisema "Huru!", hapo ndipo Mheshimiwa anaruhusiwa kwenda kwenye benchi. Bila "Huru" hakuna kidevu, hakuna sikio, hakuna biskuti, hata ukitazamwa na yale macho ya kuyeyusha sabuni.

Benchi ndilo lilikuwa gumu kufundishika.

"Kipara! Ondoa mkono kwenye mbwa!"

"Kaja mwenyewe."

"Sijasema neno."

"Basi liseme, unamtesa."

Lakini Kipara ndiye aliyegundua kasoro ya pili, na haikuwa ya mbwa. Alikunja gazeti lake, akamwambia Redio, "Mwalimu, unajua kwa nini hakuangalii haraka? Wewe unaongea muda wote. Mheshimiwa simama, Mheshimiwa mzuri, Mheshimiwa leo nilikuwa shuleni. Kwake sauti yako ni kama feni, ipo tu. Ikinyamaza ndiyo atageuka."

Duka likacheka. Redio akanuna, akanyanyua kidole ajibu, kisha akakishusha. Makofi yaliyofuata hakusema kitu. Alifunga mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Na Mheshimiwa akageuza kichwa mwenyewe, bila maini, bila kuitwa, akamtazama machoni kama anayeuliza, unaumwa?

"Lo!" Mjomba akanong'ona. "Redio imezimwa, na stesheni imepatikana."

Kuanzia hapo mambo yakashika njia. Makofi mafupi, macho. Makofi marefu, macho. Wateja wakawa wanakuja hata bila nywele za kukata, eti wamepita kupiga makofi kidogo. Mwishoni Redio akampeleka shuleni kwake siku ya kufunga muhula, akamsimamisha mbele ya watoto wote na wazazi. Makofi ya watoto hayana mpangilio, ni mvua ya mawe juu ya bati, na mengine yanapigwa kwa miguu. Mheshimiwa alitetemeka ngozi ya mgongoni. Sikio moja likaenda kwa watoto. Likarudi. Macho kwa Redio. Mwalimu mkuu alidhani mwalimu wake analia kwa sababu ya likizo.

Siku ya maonyesho Mjomba alimwosha na kumchana Mheshimiwa tangu alfajiri, unywele kwa unywele, halafu akakataa kwenda.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Mimi nikiwepo nitapiga makofi sehemu isiyotakiwa. Najijua. Nenda. Nitakuwa na simu karibu na mashine."

Uwanja ulikuwa mpana, nyasi zimekatwa juzi, zimegawanywa kwa kamba kuwa viwanja vidogo vidogo, kila kundi la mbwa na chake, vingine vya wadogo, vingine vya wakubwa. Kila mahali harufu ya shampuu na manyoya yaliyokaushwa. Glavu alikuwepo, kamshika mbwa mweupe wa manyoya mafupi mwenye miguu iliyonyooka kama ya meza. Akamsalimia Redio kwa adabu. Na mfuko wake wa koti ulikuwa umechungulisha kamba ya pili, mpya, ya ngozi. Redio aliiona. Alijua imeletwa kwa ajili ya shingo ya nani.

Wakaingia. Jaji alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anatembea bila haraka kama mtu anayechagua kitambaa cha thamani. Wakazunguka duara, Mheshimiwa anaelea, manyoya yanapepea pande zote. Watazamaji wakasema "aaah". Wakasimama mstari.

Jaji akaanzia mwisho wa mbali. Akakawia. Akampapasa mmoja, akarudi kwa mwingine. Jua likapanda. Na sasa sikilizeni balaa. Hakuna aliyepiga makofi! Kimya, kimya kabisa, watu wanameza mate. Mheshimiwa akaanza kuchoka. Mguu wa nyuma ukalegea. Pua ikashuka kwenye nyasi, ikanusa kitu kilichopita pale jana. Akapiga mwayo, mwayo mpana wenye sauti, ulimi ukajikunja kama karatasi. Redio akakaza kamba mkononi. Mdomo unamwasha. Ulimi unataka kusema Mheshimiwa tafadhali, Mheshimiwa nakuomba, Mheshimiwa utalala kwa mtu usiyemjua! Akaufunga kwa meno. Alijua akianza kuongea, ndiyo mwisho wake.

Jaji yuko mbwa wa tatu kutoka kwake. Pua bado kwenye nyasi. Jaji yuko wa pili. Glavu pembeni katazama, akageukia kwingine kwa aibu, kama mtu aliyeona jirani yake anaanguka.

Ndipo kwenye kiwanja cha pili wakatangaza mshindi wa mbwa wadogo.

Makofi! Si makofi ya benchi yale. Uwanja mzima uliinuka, mikono, miluzi, watu wanagonga viti. Mbwa wote kwenye mstari wakageuka kwa pamoja. Yule mweupe wa Glavu akageuza hata kiwiliwili. Mmoja akabweka. Mwingine akamzungushia mwongozaji wake kamba miguuni.

Na Mheshimiwa? Pua ikatoka kwenye nyasi kama imevutwa na uzi. Mguu wa nyuma ukajipanga. Shingo ikapanda, kifua kikatoka, mkia ukatulia, na yale macho yakaja moja kwa moja kwenye macho ya Redio, yakakaa. Mwili mzima unasema, mwalimu, nimesikia, kazi imeanza, niambie. Makofi yanazidi, yeye anazidi kutulia. Ukipita na kamera ungesema mbwa wengine wamepigwa picha wakati wa tetemeko la ardhi na huyu mmoja kapigwa studio.

Redio hakusema neno. Hakuhitaji. Kitu kilimpanda kutoka tumboni kikamjaa kifuani mpaka akaona gauni limembana. Kumbe fahari ina uzito! Alisimama naye kama watu wawili wanaojuana siri moja.

Jaji alikuwa amesimama mbele yao. Amevaa miwani. Hakumpapasa kwanza, alitazama tu. Makofi yakapungua, yakaisha, na macho ya mbwa yakabaki pale pale.

"Mbwa huyu amefunzwa wapi?" akauliza.

"Kwa kinyozi, mama."

"Samahani?"

"Kinyozi. Ni habari ndefu."

Jaji akatabasamu kwa kona ya mdomo. Akampapasa mgongo, akaangalia meno, akarudi nyuma, akawazungusha wote duara mara moja tena, na walipofika mbele yake akanyoosha mkono. Redio aligeuka nyuma aone anamwonyesha nani. Hakukuwa na mtu nyuma.

"Wewe, binti! Njoo huku mbele!"

Hapo ndipo "Huru!" ilipomtoka, na Mheshimiwa akamrukia kifuani, poda, manyoya, machozi na mate vyote pamoja, utepe wa mshindi wa kundi ukabandikwa kwenye gauni lililojaa nyayo. Glavu alivuka mstari, akavua glavu ya kulia, akampa mkono mtupu.

"Dada, nilishampangia chumba," akasema. "Nilishanunua hata bakuli."

"Pole, kaka."

"Pole ya nini? Mimi nina miaka mingi kwenye viwanja hivi nawafundisha mbwa wasisikie makofi. Siku moja utanielekeza hilo duka."

Akaisukuma ile kamba mpya ndani kabisa ya mfuko, akaenda zake.

Redio akatafuta kivuli cha hema, akapiga simu. Haikulia hata mara moja kamili.

"Usiongee!" Mjomba akasema. "Nakujua, utaanzia kwenye kiamshakinywa. Nijibu swali moja tu. Kamba iko mkononi mwa nani?"

"Mwangu, Mjomba."

Upande wa pili kikasikika kitu kama mtu anapenga kamasi kwenye taulo.

"Mjomba, unalia?"

"Nywele zimeniingia jichoni."

"Mkubwa," sauti ya mteja ikasikika kwa mbali, "upande wa kushoto bado."

"Tulia wewe! Kichwa chako kitakuwepo hata kesho! Mpwa wangu... mwalimu. Nilikosea kumpa yule neno langu bila wewe. Umesikia? Nasema mbele ya watu. Mbwa ni wetu wawili, na kamba ni yako mpaka mimi na wewe tuzeeke."

"Weka spika!" Kipara akapaza. "Na sisi tusikie! Aligeuka au hakugeuka?"

"Hakugeuka!" Redio akalia kwa furaha mpaka watu wa hema la pili wakatazama. "Kipara, hakugeuka! Makofi yalipolia ndiyo kwanza..."

Kipaza sauti cha uwanjani kikamkata. Washindi wa makundi yote wanaombwa kwenye uwanja mkubwa. Mara moja. Mheshimiwa akasimama mwenyewe, akajinyoosha, akamtazama.

"Mjomba, wananiita! Washindi wote tunaingia pamoja, anachaguliwa mmoja wa siku nzima!"

"Mmoja wa siku nzima? Usikate! Tia simu mfukoni tusikilize!"

"Betri ina alama nyekundu, Mjomba. Na humu ndani mimi sitaongea, mtasikiliza nini?"

"Sasa sisi tutajuaje?"

"Kesho! Kesho ukifungua mlango unikute nimekaa kizingitini. Nitapanda kwenye kiti chako, mtanizunguka wote, na nitawapa ya uwanja mkubwa yote, nani aliingia, nani alitoka, jaji alivaa nini. Huyo wa upande wa kushoto naye mwambie aje, umalizie kichwa chake huku anasikiliza. Haya, tunaingia!"